Mwenzako Ako Wapi?

Mama Vyungu hakuwa mtu wa salamu. Alipomwona mmoja wa watoto wangu akipita peke yake, hata kama ametumwa chumvi tu, aliacha alichokuwa akifanya, akasimama na mikono imejaa udongo, akapaza sauti: "Wewe! Mwenzako ako wapi?"

Jibu la juu juu halikumtosha. Mtoto akisema mwenzake yuko nyumbani, atauliza nyumbani anafanya nini. Akisema amelala, atauliza ni mtu gani analala saa hii, kwani ni mgonjwa? Kuna siku alinawa mikono haraka haraka kwenye ndoo, akakaza leso kiunoni, akaja mpaka mlangoni kwangu. Hakuingia. Hakuwa akiingia nyumbani kwangu hata nimbembeleze vipi. Alisimama pale kizingitini akichungulia mpaka akamwona yule wa pili kwa macho yake mwenyewe. Halafu akasonya, kana kwamba ni sisi tuliomtoa kazini, akaenda zake.

Majirani wa mtaa wetu wa Ziwani walicheka sana. Mimi nilicheka mara ya kwanza na ya pili, basi. Nilikuwa na mapacha, Wanjiru na Wambui, na Wambui alizaliwa na kifua kibovu. Wanjiru alitoka akipiga kelele mpaka nesi akamwambia anyamaze. Wambui alitoka kimya. Wakampigapiga mgongoni, wakamgeuza, na mimi nimelala pale nikisema Mungu wangu, Mungu wangu, ndipo akatoa kilio chembamba. Daktari aliniambia nimkinge na baridi. Kumkinga mtoto na baridi ya Nairobi mwezi wa Julai, kwenye nyumba ya sakafu ya simiti, jaribu uone. Hofu yangu ilikuwa moja tu na naisema wazi: niliogopa kumzika Wambui. Nilisikiliza pumzi zake vile watu husikiliza redio ambayo betri zimekaribia kuisha. Sasa mtu mwenye hofu ya namna hiyo, halafu kila kukicha jirani anauliza mwenzako ako wapi! Nilimwuliza mume wangu, huyu mama anajua nini ambacho mimi sijui? Mume wangu, ambaye alikuwa ametoka kiwandani amechoka, alisema, "Anajua vyungu. Nipe chai."

Na vyungu alivijua kweli. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye safu yetu, imepakana na uwanja mtupu ulioteremka kuelekea mtoni, na huo uwanja ndio uliokuwa mahali pake pa kazi. Hakuwa na gurudumu wala mashine. Aliweka kitako cha chungu kwenye karai kuukuu, akasokota udongo ukawa kamba nene, akaanza kupandisha duara juu ya duara, huku yeye mwenyewe akikizunguka chungu kinyumenyume, ameinama, makalio yakitangulia. Watoto wa mtaa walimwigiza. Alizunguka hivyo mpaka udongo ukasimama ukawa tumbo, kisha mabega, kisha shingo, na mimi nikitazama kutoka kwenye kamba yangu ya nguo nilikuwa nasahau nilichotoka kuanika. Mwisho aliviringisha kipande cha kamba ya mkonge shingoni mwa chungu ikaacha mistari midogo midogo, akakisugua kwa jiwe laini alilokuja nalo kutoka kwao, upande wa ziwa, mpaka kikang'aa. Jiwe hilo lilikaa kwenye sidiria yake. Hakuna aliyeruhusiwa kulishika.

Udongo wa Nairobi aliutukana kila siku. Ule mweusi wetu wa Eastlands, unaong'ang'ania viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua, alisema ni udongo mwongo, unanenepa ukinywa maji halafu unakukana. Kwa hiyo aliuchanganya na udongo mwekundu uliotoka kwenye misingi ya majengo mapya, na ndani yake akatia unga wa vigae. Chungu kilichopasuka kwake hakikulala. Alikivunja saa ile ile, akakaa chini miguu ameinyoosha, akakisaga kwa jiwe kubwa mpaka kikawa unga, na unga huo akaukanda kwenye udongo mpya, maana udongo uliochanganywa na vigae vilivyokwisha kuungua hausumbuki sana motoni. Hakusikitika. Alisaga huku akiongea na wapita njia, kama mtu anayechambua mchele.

Fundi mmoja wa bati kutoka Gikomba, aliyekuwa akichukua kwake vile vikombe vya udongo vinavyokaa ndani ya jiko la makaa, aliona kimoja chenye ufa mdogo kama unywele.

"Mathe, hiyo wacha tu," akamwambia. "Nitaziba na simiti, hakuna mtu ataona."

"Mimi nimeona." Akakipiga chini pale pale mbele ya viatu vya fundi. "Haya, ziba."

Fundi akashika kichwa. Alipopita mlangoni kwangu na mkokoteni wake alikuwa bado anasema, "Haki huyu mathe ni noma," lakini wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena.

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Mwanamke huyo aliyewaambia wateja kwamba mboga zisizopikwa kwenye chungu ni majani tu, yeye mwenyewe alipikia sufuria. Maji ya kunywa aliweka kwenye jerikeni ya plastiki ya njano. Nilimwuliza mbona hivyo. "Nikae na vyungu mchana, nikae navyo tena nikila?" akasema. "Nitakuwa nasikiliza tu kama vinapasuka. Chakula hakitashuka." Alipenda mieleka ya kwenye televisheni, akaenda kuitazama kwa jirani Jumamosi na kupiga kelele kuliko wanaume. Alimwogopa kinyonga. Sukari aliyotia kwenye chai ingetosha nyumba nzima, na ukimwambia atapata ugonjwa alikujibu kwamba wewe hujapata ugonjwa na mbona umekonda?

Siku ya kuchoma hakuwa mtu wa kusogelewa. Tangu asubuhi aliangalia juu. Wingu dogo likitokea upande wa Kariobangi alilitazama kama mtu aliyeletewa habari ya polisi. Alipanga vyungu chini, akavifunika kwa nyasi kavu, mavi ya ng'ombe na takataka za randa alizoletewa na maseremala wa Gikomba, akawasha, halafu akaanza kuzunguka zunguka akiuma kona ya leso. Hakutaka mtu ampigie kelele. Hakutaka mtu amwulize vitatoka lini. Vyungu vikipasuka motoni hutoa sauti, paa, na kila paa ilimfanya ashike tumbo. Mimi nikiwa nyumbani nilijikuta nimeacha kufua, nami nasikiliza, nami nashika tumbo, na havikuwa vyungu vyangu.

Kitu kibichi hakikusifiwa mbele yake. Hiyo ilikuwa amri. Mama mmoja wa kanisani kwetu, mtu wa maombi na mdomo, alikuja kuagiza vyungu vya maua, akavikuta vingine vimepangwa kivulini vinakauka. Akapiga makofi. "Haleluya! Tazama uzuri huu!"

Mama Vyungu alivitupia gunia lililolowa juu, akavifunika vyote. "Toka," akamwambia. "Havijaona moto, wewe unavisifu. Toka hapa!"

Yule mama akatoka, lakini hakutoka na kinyongo tu. Alikuwa amechungulia ndani kupitia mlango uliokuwa wazi, na Jumapili akanivuta kando ya kanisa. "Dada, yule jirani yako ana kitu amefunga na gunia chini ya kitanda. Nimekiona kwa macho yangu. Mtu wa vyungu, nyumba yake haina chungu hata kimoja, halafu anaficha kitu chini ya kitanda? Na wewe unamwacha anawaita watoto wako kila siku?"

Nilimjibu aache uvumi. Lakini neno lile lilirudi nami nyumbani. Kila Wambui akikohoa nikawa nakumbuka lile gunia. Nilisali, nikajikemea, nikakumbuka tena. Nilitaka kwenda kumwuliza, na nilikuwa naogopa kwamba atanijibu.

Kwa sababu, unaona, kulikuwa na jambo jingine nililolijua tangu watoto wazaliwe. Nilipotoka hospitalini na mapacha, wanawake wa kutoka kwao, wale wa upande wa ziwa waliokaa mtaani kwetu, walikuja mlangoni kwangu wakiimba, wakipiga debe, na kunitukana. Kunitukana hasa! Waliimba kwamba nina tumbo kama gunia la viazi, kwamba mume wangu ana mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi mtoto wa Murang'a sikujua, nikalia. Mmoja akanikumbatia akicheka, akaniambia, "Yawa, usilie! Kwetu mama wa pacha lazima atukanwe, ndio watoto wakae hai." Basi nikafuta machozi nikacheka nao, wakanywa chai, kuanzia siku hiyo nikaitwa Mama Pacha. Walikuja wote isipokuwa mmoja. Jirani yangu wa karibu, ambaye miezi yote ya ujauzito alikuwa akinibebea ndoo ya maji bila kuniambia neno juu ya tumbo langu, hakuja. Mlango wake ulifungwa. Alinikwepa mpaka watoto wakaanza kukaa wenyewe, na alipoacha kunikwepa ndipo lilipoanza lile swali lake.

Hata hivyo ningesema uongo nikisema hakutupenda. Wambui alipobanwa kifua mara ya kwanza vibaya, Mama Vyungu alifika kizingitini na chungu kikubwa cha kufukizia. Alikigonga kwa kifundo cha kidole mbele yangu, pande zote, juu, chini, kitako, akiinamisha sikio. Kililia vizuri, kama kengele ya baiskeli. Akakigonga tena. "Hiki ni kizima," akasema. "Chemsha majani ya mkaratusi humu, mfunike na blanketi. Hiki hakiwezi kukuangusha." Nikamwambia aingie amwone mtoto. Akatikisa kichwa akarudi nyuma, akaenda zake.

Miaka ilikwenda hivyo. Wasichana wakaanza shule, wakawa wanapita kwake asubuhi wakiwa wameshikana mikono, maana walijua wakiachana watahojiwa. Mimi nikawa nauza sweta za watoto za mitumba Gikomba, na kila marobota yalipofunguliwa nilitafuta kwanza ile nzito kuliko zote kwa ajili ya Wambui. Sikumwuliza Mama Vyungu neno. Yeye naye hakusema.

Halafu ikaja ile mvua ya El Nino. Walioishi Nairobi wakati huo hawahitaji kuelezwa. Mto ulipanda, ukaumega uwanja wa Mama Vyungu kidogo kidogo, ukachukua rundo lake la udongo, ukachukua nyasi zake kavu, ukaacha matope na karatasi za plastiki. Kuchoma kukawa hakuwezekani. Vyungu vibichi alivyokuwa amevirundika mlangoni vililowa vikarudi kuwa tope. Na ukutani kwetu unyevu ulipanda mpaka juu ya kitanda cha wasichana, na Wambui akashikwa na nimonia.

Siku za hospitali sitazieleza sana. Nilikaa kando ya kitanda chake nikihesabu pumzi, na nikikosa moja nilisimama. Wanjiru alibaki na baba yake. Mume wangu aliniambia kwamba kila jioni Mama Vyungu alikuwa anasimama nje ya mlango wetu kwenye mvua, anamwangalia Wanjiru tu, hasemi kitu. Hata lile swali lake hakuuliza. Niliposikia hivyo nilisema, basi, hata yeye amekata tamaa.

Wambui hakufa. Alirudi nyumbani amekuwa mwepesi, macho yamekuwa makubwa, lakini alirudi. Na mchana mmoja, Wanjiru yuko shuleni, Wambui amelala nyuma ya pazia, mimi nachambua maharagwe, Mama Vyungu akabisha hodi. Nilipofungua alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gunia. Akavua ndala zake. Akaingia.

"Leo unaingia?" nikamwuliza.

"Leo naingia. Kijana wangu anakuja kunichukua. Uwanja umeisha, magoti yameisha, narudi nyumbani."

Hakuketi. Alikwenda kwanza kwenye pazia, akalifunua kidogo, akamtazama Wambui. Alitazama blanketi likipanda na kushuka. Kisha akaja, akaweka mzigo wake kwenye kochi, akaufungua.

Kilikuwa chungu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona mikononi mwake. Tumbo moja, shingo mbili, zimesimama pamoja kama watoto wanaosubiri kupigwa picha. Shingo moja ilikuwa nzima, ina mistari yake ya mkonge, mdomo wake laini. Ya pili ilikuwa imekatika. Kilichobaki ni kipande cha chini chenye kingo kali.

"Kwetu pacha wakizaliwa wanafanyiwa sherehe," akasema. "Pombe inanywewa kwa hii. Mdomo mmoja wa mkubwa, mdomo mwingine wa mdogo. Lakini inafinyangwa watoto wakishalia. Si kabla. Kabla haifai kabisa."

Nilirudi kuketi, sinia la maharagwe magotini.

"Mimi niliona tumbo lako ukianika nguo. Nikajua ni wawili. Na mvua ilikuwa karibu, nikasema udongo hautakauka, sherehe itafika sina kitu mkononi. Nikatangulia. Mimi, ninayefukuza watu wakisifu kitu kibichi! Siku ulipelekwa hospitali ndio siku nilichoma. Nikasikia paa. Moja tu. Nilijua ni hii kabla sijafunua majivu."

"Mdomo uliovunjika ni wa nani?" nikauliza.

Aliangalia pazia. "Usiniulize hiyo, nyathina, mtoto wangu."

Damu ilinipanda kichwani. Nilisimama maharagwe yakamwagika. "Kwa hivyo miaka yote hii! Miaka yote hii unasimama hapo mlangoni, unachungulia, ulikuwa unangoja mtoto wangu afe!"

"Hapana." Alisema taratibu, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Nilikuwa nangoja asife. Nikimwona mmoja, roho yangu inaruka. Nikimwona wa pili, napumua. Kila siku ya Mungu. Hata sasa."

"Na mbona hukukisaga? Wewe si unasaga kila kitu?"

"Nikisage na mkono gani? Nimeinua jiwe nimeliteremsha, nimeinua nimeliteremsha. Kama moto ulianza, mimi ndio nimalizie?"

Upuuzi, nilijiambia. Ni udongo tu, umeungua vibaya, mvua ilikuwa karibu, nyasi zilikuwa na unyevu. Mimi ni Mkristo. Nikakinyanyua kile chungu, nikafungua mlango, nikakiinua juu ya ngazi ya simiti ili nimalize jambo hili mara moja, yeye aende kwao ametulia na mimi nibaki nimetulia.

Nyuma ya pazia Wambui akakohoa.

Nilibaki pale mikono juu. Kikohozi kilikuwa kidogo tu, cha mtoto anayegeuka usingizini. Nikashusha mikono polepole sana, nikarudi ndani nikikanyaga maharagwe, nikakiweka chungu kwenye kochi, nikakiegemeza kwa mto ili kisibingirike. Mama Vyungu aliketi chini, akaanza kunisaidia kuokota maharagwe. Hatukuangaliana.

"Mbona umeniletea?" nikamwuliza baadaye.

"Ni sababu ya basi," akasema. "Hiyo barabara ya kwetu ina mashimo. Nikikibeba kitavunjikia njiani."

Alikunywa chai yangu na sukari yake yote. Wanjiru aliporudi kutoka shuleni na Wambui akaamka, aliwaita wote wawili wakaja wakasimama mbele yake, akamgonga kila mmoja kwenye paji la uso kwa kifundo cha kidole, taratibu, akiinamisha sikio. Wasichana wakacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake kijana wake alikuja, wakapakia karai na blanketi na ile jerikeni ya njano, nikawasindikiza mpaka barabarani. Sikumwona tena.

Kile chungu nilikirudishia gunia lake. Juu ya kabati kingeweza kuanguka. Jikoni kingeweza kugongwa. Nilizunguka nacho nyumba nzima, na mwisho nikakisukuma chini ya kitanda changu, ndani kabisa, ukutani. Mume wangu aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni vitu vya wanawake.

Wiki iliyofuata, jua likiwa limetoka vizuri, niliwaruhusu wasichana waende pamoja kununua mkate. Nilikuwa nimekaa mlangoni nakunja sweta za kupeleka Gikomba. Nikainua macho, nikamwona Wanjiru anakuja, mkate kwapani, peke yake.

"Wewe!" nikapaza sauti, mpaka majirani wakageuka. "Mwenzako ako wapi?"

"Ako tu hapo nyuma, mama."

"Nyuma wapi? Anafanya nini huko nyuma?"

Nikaziacha zile sweta zikaanguka, nikasimama kizingitini nikichungulia mpaka nikamwona.